Imekukaa kwenye simu; je, mwilini?

Shati lilifika likiwa limekunjwa vizuri, kola imesimama, vifungo vimekaa mstari mmoja. Nililishonesha kwa mtandao. Nilijipiga picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, nikaandika urefu wangu, na baada ya dakika chache ikanitokea kwenye kioo cha simu sanamu yenye mwili kama wangu, imevaa shati hilo, inazunguka taratibu. Lilikuwa limeikaa kama limezaliwa nayo. Mimi nami lilinikaa, hadi niliponyoosha mkono kuchukua kitabu juu ya rafu. Shati zima likapanda, pindo likachomoka kwenye suruali, na mkono nikahisi umezuiwa kama mtu amenishika kwa nyuma.

Sanamu ile haikuwa imenyoosha mkono hata mara moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuatilia teknolojia ya kujaribu nguo pepe, yaani kuiona nguo mwilini mwako kabla kitambaa hakijakatwa, na nimeona kwamba jina lenyewe linapotosha. Linasikika kama kazi moja. Ni kazi tatu, zilizobuniwa na watu tofauti kwa malengo tofauti, zikaja kufungwa kwenye kifurushi kimoja: kuupima mwili bila futi kamba, kuvigeuza vipimo kuwa vipande vya kukata, na kuionyesha nguo ikiwa imevaliwa. Mteja huiona ya tatu peke yake. Na hiyo ya tatu inaweza kupendeza hata kama mbili za kwanza zimeharibika kabisa.

Namba moja, miili miwili

Chukua watu wawili wenye kifua cha sentimita 100. Mmoja ana mgongo mpana na kifua bapa. Mwingine ana mgongo mwembamba na kifua kilichojaa mbele. Futi inawapa namba ileile, lakini kipande cha mgongo cha huyu hakimfai yule. Fundi mzoefu halisomi jambo hilo kwenye futi. Analiona kwa macho wakati futi iko mkononi. Anaona bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto (watu wengi wako hivyo, na wengi wao hawajui). Anaona mgongo ulioinama kidogo, ambao utahitaji nguo ndefu zaidi nyuma kuliko mbele. Anaandika namba kumi, anakumbuka mambo ishirini.

Mashine za kupima mwili kwa mwanga na leza zilikuja kuyakamata yale ishirini. Mradi mkubwa ulioitwa CAESAR, ulioanza mwaka 1998, uliwapitisha kwenye leza zaidi ya watu 4,000 wa Amerika Kaskazini, Uholanzi na Italia. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani, pamoja na wenzao, walizitumia data hizo kujenga modeli iitwayo SMPL. Ndani yake mwili wa binadamu ni wavu wa nukta 6,890, na umbo lake lote, unene, urefu, upana wa mabega, hubadilishwa kwa kusogeza namba chache tu, mara nyingi 10.

Modeli za aina hiyo ndizo zinazowezesha mchezo wa picha mbili. Simu inakukisia. Inatafuta, miongoni mwa miili yote ambayo modeli imejifunza kuiunda, ule ambao kivuli chake kinakaribiana zaidi na kivuli chako kwenye picha, kisha inaupima huo kwa niaba yako. Ukiwa na umbo linalofanana na la wengi waliopimwa, makisio huwa mazuri kiasi cha kushangaza. Ukiwa mbali nao, labda una ujauzito, una kibyongo, au mguu wako mmoja ni mfupi, modeli inakuvuta kuelekea wastani na haikuambii kwamba imekuvuta.

Picha nayo ina tatizo lake la kihesabu. Mtu mrefu aliyesimama mbali na mfupi aliyesimama karibu wanaweza kutoa picha ileile, maana kamera moja ya kawaida haijui ukubwa. Ndiyo sababu unaulizwa urefu wako: urefu huo ndio rula ya hesabu zote zinazofuata. Mwenye sentimita 170 akijiandikia 173, kila kipimo kinavimba kwa takriban asilimia 1.8, na kifua cha 100 kinakaribia 102. Uongo mdogo wa kujipendezesha unaishia kwenye mshono. Simu zenye kihisi cha kina, kama LiDAR iliyowekwa kwenye iPhone 12 Pro mwaka 2020, hulipunguza tatizo hili kwa kuwa hupima umbali wenyewe, ila programu nyingi zimetengenezwa ili zifanye kazi kwenye simu yoyote.

Halafu kuna mizunguko, na hapa napenda kuchukua kalamu. Tuseme picha ya mbele inaonyesha kiuno chenye upana wa sentimita 32, na ya ubavuni inaonyesha kina cha 22. Mzunguko wake ni upi? Kama kiuno hicho kina umbo la duaradufu, yaani duara lililobanwa, jibu ni kama 85.5. Kama kina umbo la uwanja wa riadha, pande mbili zimenyooka na ncha mbili ni nusu duara, jibu ni 89. Picha zote mbili ni zilezile, upana uleule, kina kilekile, lakini tofauti ni sentimita 3.5, karibu saizi nzima ya suruali. Hakuna pikseli itakayokuamulia. Modeli hulijaza pengo hilo kwa uzoefu wake wa miili mingine. Kwa kulinganisha, kiwango cha kimataifa ISO 20685, kinachohusu vipimo vinavyotolewa na mashine za pande tatu, kinataka tofauti kati ya mashine na mpimaji stadi isizidi milimita 9 kwa mizunguko mikubwa kama ya kifua na kiuno.

Tusiionee mashine, hata hivyo. Wape mafundi wawili mtu mmoja wampime kiuno, na wanaweza kutofautiana kwa sentimita nzima bila yeyote kuwa mzembe. Mmoja amepima alipotoa pumzi, mwingine alipovuta. Mmoja amepima kwenye kitovu, mwingine juu yake. Mashine angalau hukosea kwa namna ileile kila siku. Lakini mpangilio wa kazi ya fundi umejengwa juu ya kutokuiamini futi. Anapima, anakata na kuacha akiba kwenye mishono, anapiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kisha anakuita uje ujaribishe. Hapo anabana pini mgongoni, anakuambia ukae, uinue mikono, utembee. Kosa la futi linafia pale, kabla cherehani haijapita.

Kwa hiyo kinachodaiwa kuchukuliwa nafasi na simu si futi. Ni ile siku ya bandi.

Kampuni ya Kijapani ya ZOZO ilijaribu kulitatua suala la vipimo kwa kumtumia mteja vazi la kubana lililojaa nukta. Ilitangaza wazo la vazi la kupimia mwishoni mwa 2017, na mwaka 2018 ikaanza kusambaza vazi la nukta: unalivaa, unasimama mbele ya simu, unazunguka hatua kwa hatua kama mshale wa saa, na simu inapiga picha 12. Nukta zinaiambia kamera kila sehemu ya mwili iko wapi, bila kukisia sana. Kwa upande wa upimaji lilikuwa wazo safi, nami bado naliona hivyo. Hata hivyo mwaka 2019 kampuni ikaondoa biashara hiyo kwenye masoko ya Marekani na Ulaya. Kuujua mwili wa mteja hakukutosha kuifanya nguo imkae.

Fundi ameachia kiasi gani?

Sababu ni kwamba nguo hailingani na mwili. Ingekuwa sawasawa na mwili, usingeweza kupumua. Shati la kitambaa kisichovutika huhitaji mzunguko wa kifua unaozidi kifua chenyewe kwa sentimita 8 hadi 12, wakati nguo ya kuogelea hukatwa ndogo kuliko mwili. Ziada hiyo ndiyo mafundi wanayoizungumzia wanapoulizana, "Umeachia ngapi?" Haipimiki mwilini kwa chombo chochote, kwa sababu haimo mwilini. Imo kwenye mazoea ya mvaaji: anavyokaa, anavyofanya kazi, anavyotaka aonekane. Watu wawili wenye mwili mmoja (tuseme mapacha) wanaweza kutaka nafasi tofauti kabisa, mmoja akaiita "imebana" ile ambayo mwenzake anaiita "imekaa".

Hapa inafaa kutenganisha aina mbili za kushonesha, maana matangazo huzichanganya kwa makusudi. Ya kwanza ni ile ambayo fundi anachora vipande vyako upya kuanzia karatasi tupu. Ya pili ni ile ambayo kampuni tayari ina vipande vyake, vilivyobuniwa kwa mwili wa mfano, na vipimo vyako vinatumika kuvinyoosha hapa na kuvipunguza pale. Karibu huduma zote za mtandaoni ni za aina ya pili. Si dhambi, ni nafuu na ni haraka. Ila maana yake ni kwamba kuna mambo ambayo kompyuta ya kampuni inaweza kuyabadilisha, kama urefu wa mkono, mzunguko wa kifua na upana wa bega, na kuna mengine ambayo imeyafunga. Unaweza kuwapa vipimo 60 vya mwili wako, nao wakatumia 12.

Kwenye shati langu, kilichofungwa kilikuwa tundu la mkono, pale mkono unaposhonewa begani. Watu wengi hudhani tundu likiwa kubwa na kushuka chini ndipo mkono unapokuwa huru. Ni kinyume chake. Tundu dogo lililo juu, karibu na kwapa, huuacha mkono uinuke peke yake. Tundu lililoshuka huufunga mkono kwenye ubavu wa nguo, ukiuinua unainua nguo yote. Hakuna kipimo cha mwili kilichokosewa katika shati lile. Nimelipima mara tatu.

Kuna mfano wa zamani unaonipendeza. Katikati ya miaka ya 1990, Levi's ya Marekani ilianza kuuza jinzi za wanawake za kupimwa dukani. Mhudumu alichukua vipimo vichache, cha kiuno, nyonga, urefu wa mguu kwa ndani na kina cha msamba, akaviingiza kwenye kompyuta, na kompyuta ikamtajia jinzi ya mfano ya kumpa mteja aijaribu. Mteja akiivaa, akalalamika hapa na pale, ndipo oda ikapelekwa kiwandani. Kompyuta ilikuwepo, lakini chumba cha kubadilishia nguo kilibaki.

Kitambaa ndani ya kompyuta

Tufike sasa kwenye sanamu inayozunguka, ambayo kwa kweli ni kazi ya ajabu. Programu za ubunifu wa mavazi huchukua vipande vya kukata vilivyo bapa, huvigawanya katika pembetatu ndogo ndogo zinazoshikana kama wavu, huvishona pamoja kuuzunguka mwili wa kidijitali, kisha huviachia vianguke kwa uzito wake. Kila nukta ya wavu inavutwa na jirani zake na uvutano wa dunia, huku ngozi ya sanamu ikiizuia isipenye. Hesabu hizi zilikuwa zikiparaganyika zamani: kitambaa kikivutwa kidogo kupita kiasi, nukta zinarukaruka hadi nguo nzima inatawanyika kwenye kioo. Mwaka 1998 David Baraff na Andrew Witkin walichapisha mbinu iliyoruhusu kompyuta kupiga hatua kubwa za muda bila vurugu hiyo. Walikuwa wakifikiria filamu za katuni. Ushonaji ulinufaika baadaye.

Asili hiyo ya kifilamu haijaisha. Kwenye filamu inatosha nguo ionekane ya kweli. Kwenye ushonaji inatakiwa iwe ya kweli, na hilo linategemea kujua tabia ya kitambaa hiki hapa, roli hili, rangi hii. Kitambaa cha kufumwa kina mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, na kikivutwa kufuata mojawapo ya nyuzi hizo hakitoi sana, lakini kikivutwa mshazari kinalegea na kuzunguka mwili kama maji. Miaka ya 1970 Profesa Sueo Kawabata wa Japani alitengeneza seti ya mashine nne za kuzipima tabia hizo kwa nguvu ndogo, zinazokaribia zile za vidole vinavyopapasa kitambaa: kukivuta, kuusukuma mraba wake uegemee upande, kukipinda, kukiminya, kusikia msuguano wa uso wake. Lengo lake la awali lilikuwa kuigeuza hisia ya mkono kuwa namba. Leo vipimo vya aina hiyo ndivyo vinavyolishwa kwenye programu. Kampuni ambayo haikujisumbua kukipima kitambaa chake huchagua kwenye maktaba ya programu kitu kilichoandikwa "pamba", na sanamu yako inavaa pamba ya mtu mwingine.

Halafu kuna mwili wenyewe. Katika programu nyingi za ushonaji sanamu ni ngumu kama jiwe. Mwili wa kweli una nyama: mkanda wa suruali ukibana, tumbo linarudi ndani kidogo na kuchomoza juu yake; ukikaa, nyonga na mapaja yanatanuka. Suruali iliyovishwa jiwe lililosimama inaweza kuonekana imekaa, na ile ya kweli ikakushinda kwenye kiti cha kwanza utakachokutana nacho.

Kinachoudhi ni kwamba programu hizo zina chombo kizuri ambacho mteja haonyeshwi. Zinaweza kuipaka nguo rangi kulingana na mkazo: buluu pale palipolegea, nyekundu pale kitambaa kinapovutwa au kuubana mwili. Mbunifu akiiangalia ramani hiyo anajua papo hapo kwamba mgongo utabana au mkono utakataa kuinuka, na anaweza kuiamuru sanamu ikae au inyooshe mkono kabla ya kukata chochote. Huko viwandani ndiko kujaribu pepe kunakolipa kweli, kwa kupunguza nguo za majaribio zinazoshonwa na kutupwa. Mteja naye anapewa sanamu iliyosimama wima, mikono pembeni, mwanga mzuri.

Picha inayochora tu

Siku hizi kuna aina nyingine inayofanana na hii kwa nje, na haina uhusiano nayo kwa ndani. Unapakia picha yako na picha ya nguo, na akili unde inachora wewe ukiwa umeivaa. Mwaka 2023 Google ilianza kuonyesha nguo za dukani kwa mbinu ya jamii hiyo, zikiwa zimevaliwa na wanamitindo wa maumbo mbalimbali. Hakuna vipande vya kukata humo, hakuna uvutano wala wavu. Mfumo umeona picha nyingi mno za watu waliovaa nguo, na unachora ile inayoelekea kuaminika. Mpe mtu wa kifua 110 shati la 95, naye atachorwa amelivaa vizuri, kifungo hakijavutika, kwa sababu picha alizojifunza mfumo ni za watu ambao nguo zimewakaa.

Kwa kuchagua rangi, au kuona kama mistari mipana inakupendeza, inafaa sana. Kwa kujua kama nguo itakutosha, ni sawa na kumuuliza mchoraji. Ukitaka kujua umepewa ipi kati ya hizi mbili, badilisha saizi: ikiwa picha haibadiliki chochote ukitoka ndogo hadi kubwa kabisa, unatazama mchoro.

Neno moja kuhusu siri. Macho hayana pazia, na programu hizi zinakutaka uvae nguo za kubana au ubaki na chupi, kisha zinaondoka na umbo lako lote. Sheria ya jimbo la Illinois, Marekani, ya mwaka 2008, moja ya zile kali kuhusu alama za mwili zinazomtambulisha mtu, inataja alama za vidole, jicho, sauti, umbo la mkono na uso. Kiwiliwili hakimo, na urefu na uzito vimeachwa nje kwa maneno ya wazi. Uliza picha zinafutwa lini, na kama wanabaki na sanamu yako baada ya picha kufutwa, maana hayo ni maswali mawili.

Mwenye nia ya kushonesha kwa njia hii anaweza kujisaidia kwa mambo machache. Pima urefu wako upya leo, bila viatu, kisigino ukutani. Usitegemee ulioandikwa zamani kwenye kitambulisho. Simu iwekwe kimo cha kiuno na isimame wima, kwa sababu ikiinama miguu inafupika na mabega yanapanuka. Nywele zifungwe juu ili shingo ionekane. Simama kama unavyosimama siku zote. Ukijikakamua kwa ajili ya picha, nguo itashonwa kwa mtu aliyejikakamua. Waulize wanarekebisha mara ngapi bila malipo. Kampuni inayojua kazi itakuambia shati la kwanza ni la majaribio, na hiyo ndiyo siku ya bandi iliyorudi kwa mlango wa nyuma.

Lakini msaada mkubwa kuliko yote uko kabatini. Toa nguo uipendayo, ile unayoisahau ukiwa umeivaa, itandaze mezani, funga vifungo, pima upana wake kwapa hadi kwapa, zidisha kwa mbili. Ikitoka 108 na kifua chako ni 98, unajua sasa kwamba nafasi yako ni 10, na hakuna kamera ingeweza kukuambia hilo. Huduma nyingine hukubali vipimo vya nguo badala ya vya mwili. Zikikubali, wape hivyo.

Mimi nilifanya hivyo nikiwa nimechelewa. Nililitandaza shati jipya juu ya kuukuu langu, mshono wa bega juu ya mshono wa bega. Vifua vililingana, urefu ulilingana, kola zilikaribia kulingana. Tundu la mkono la jipya lilishuka sentimita 3 chini ya lile la zamani. Kwenye sanamu, mikono ikiwa pembeni, hizo sentimita 3 zilikuwa zimelala ndani ya mkunjo mmoja mzuri chini ya kwapa.